Kopo Lenye Sura ya Chiriku

Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa Machi, mwaka 2019, mwanamke mmoja mpiga pasi alisimama nyuma ya meza yake katika duka la dobi, akinyoosha noti iliyotoka mfukoni mwa suruali ya mteja. Noti ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali. Aliitandaza juu ya kitambaa cheupe, akaifunika kwa kitambaa kingine, akapitisha pasi taratibu, maana noti haitaki moto mkali; ukiizidishia hujikunja pembeni na wino wake hubaki kwenye kitambaa.

Ndiyo iliyokuwa desturi ya duka lile. Kilichookotwa mfukoni mwa nguo hakikuwa mali ya aliyekiokota. Kiliwekwa katika kisahani, kikakaushwa, na mwenye nguo alipokuja alikabidhiwa mkononi, mbele ya watu. Lakini tangu kopo la mchango lilipowekwa kaunta, wateja wengi hawakuzipokea tena fedha zao. Walilitazama kopo, wakaitazama picha, kisha wakamtazama mpiga pasi, na sauti zao zikalegea.

“Mtilie mtoto,” alisema mwenye suruali. “Hata hivyo nilikwisha kuisahau.”

“Ahsante, kaka.”

“Anaendeleaje lakini?”

“Anaendelea.”

Aliikunja noti ikiwa bado ina joto, akaitumbukiza. Kopo lilikuwa la bati, limepakwa rangi ya manjano, lina tundu juu na kufuli dogo ubavuni. Mbele yake ilibandikwa picha ya msichana wa miaka kumi na mitano aliyefunga kitambaa kichwani, anacheka hadi magego yanaonekana. Juu ya picha iliandikwa kwa herufi kubwa: MSAIDIE APONE. Chini yake, kwa herufi ambazo mtu angelazimika kuinama ili azisome, ilielezwa kwamba fedha zote zingepelekwa katika utafiti wa saratani adimu za mifupa.

Wateja hawakuinama. Mpiga pasi aliinama, siku ile ile kopo lilipoletwa, akasoma neno moja baada ya jingine hadi mwisho. Tena yule dada wa Mfuko wa utafiti, wenye makopo, alikuwa amekwisha kumweleza kwa mdomo, kabla ya picha kupigwa, kwamba Mfuko haulipii matibabu ya mtu. Alielewa, akakubali. Lakini alasiri ya siku ile mteja mmoja alimshika bega akamwambia, “Pole, mama, tuko pamoja,” na tangu mtoto alazwe hakuna mtu aliyekuwa amemshika bega. Akanyamaza. Siku ya pili alinyamaza kwa sababu alikuwa amenyamaza siku ya kwanza.

Simu yake ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Alikuwa mumewe, akipiga kutoka hospitali.

“Dawa za duru ya tatu hazipo,” alisema. “Stoo yao imekauka. Wametuandikia tukanunue nje.”

“Aanze lini?”

“Jumatatu. Daktari kasema tusivute vute, ugonjwa wenyewe hausubiri mtu.”

“Bei?”

Akaitaja. Mpiga pasi akanyoosha mkono, akachomoa waya wa pasi ukutani, kwa sababu alijua kwamba kwa muda hataiona nguo iliyo mbele yake.

“Upo?” mumewe aliuliza.

“Nipo.”

*

Mwenye duka walimwita Mzee Kola kwa vile ukosi wa shati lake ulisimama wima kutwa nzima, hata joto liwe la namna gani. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyelileta kopo dukani, akalifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe, na kila alipofunga hesabu alitia chochote. Mpiga pasi alimkuta ofisini, akipanga vibanio vya nguo.

“Mzee, nina shida. Naomba mshahara wa mbele.”

“Wa mbele kiasi gani?”

“Wa miezi mitatu.”

Mzee Kola aliweka kibanio chini. “Mama Chiriku, mimi nawe tumetoka mbali, siyo?”

“Tumetoka mbali, mzee.”

“Basi usinifanye mtoto. Kopo lile halitikisiki kwa kujaa. Na yako makopo mengine mji mzima, yana sura hiyo hiyo. Jana nimeliona duka la dawa. Nimeliona kwa kinyozi. Mtoto wako anajulikana kuliko diwani, halafu unakuja kwangu na miezi mitatu?”

“Fedha ile haiji kwangu, mzee.”

“Bado haijaja. Kesho makopo yanafunguliwa ukumbini. Wewe simama, shukuru vizuri, watakupa chako.”

“Hawatanipa.”

“Wasikupe vipi? Ile sura ya nani?” Alicheka kidogo, kwa upole kabisa. “Mambo ya makaratasi tu hayo. Nenda kapige pasi, mashati ya hoteli yanasubiri.”

Mpiga pasi alikuwa na maneno ya kusema. Yalikuwa machache, na mlango ulikuwa umefungwa, hakuna ambaye angeyasikia ila wao wawili. Akasema, “Sawa, mzee,” akarudi kwenye mashati ya hoteli.

*

Jioni, kabla ya kuingia kwake, alipitia kwa Mama Mapacha, jirani wa ukuta mmoja, ambaye ndiye aliyeshika fedha za upatu wa akina mama wa mtaa. Alimkuta kibarazani akiwasuka watoto wake wawili kwa zamu, mmoja amekwisha, mwingine analia.

“Nimekuja kuomba zamu, jirani. Mwezi huu unipe mimi, nitarudi nyuma baadaye.”

“Wewe?” Mama Mapacha hakuinua macho. “Wewe wa kuomba zamu?”

“Dawa za mtoto zimekwisha hospitali.”

“Hawa wanangu,” alisema, akimgeuza aliyekuwa akilia ili uso wake uonekane, “hawa hapa, walivunja kibubu chao kwa ajili ya mwanao. Cha kununulia viatu. Nikawaambia vizuri, mmefanya jambo la utu. Sasa umerudi kuchukua na zamu ya mama yao?”

“Sikuchukua kibubu chao.”

“Hukuchukua. Kilitembea chenyewe.”

Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo wakacheka, si kwa nguvu. Mpiga pasi alisema usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akaondoka.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo. Uani mlikuwa na kochi la mteja, limevuliwa kitambaa, mbao na springi ziko wazi. Mumewe alikuwa fundi makochi na alikuwa na cherehani ya kushonea ngozi, kitu pekee cha thamani mle ndani. Chiriku alilala kwenye godoro karibu na dirisha. Aliitwa hivyo tangu alipokuwa na miaka miwili kwa sababu hakunyamaza hata akila. Mguu wake wa kulia uliishia juu ya goti.

“Mama, leo nimeuza?”

“Umeuza.”

“Mimi ni maarufu kuliko sabuni.” Alifumba macho. Siku hizi alisema sentensi mbili tatu, kisha akapumzika kama mtu aliyebeba mzigo.

Baba yake alikaa juu ya mbao za kochi, miguu imefunikwa na vipande vya sponji. Hakuinuka mke wake alipotokea uani.

“Kola kasemaje?”

“Kasema kopo.”

“Na huyo wa mapacha?”

“Kasema kopo.”

Fundi makochi aliokota bisibisi, akaigeuza geuza. “Kufuli lile nimeliona. Halihitaji hata hii. Ukucha unatosha.”

“Tusizungumze hayo.”

“Tutazungumza nini? Kesho saa nne wanalipeleka ukumbini. Ufunguo wa duka unao wewe. Picha ni ya mwanangu au si ya mwanangu?”

“Picha ni yake. Fedha si yake.”

“Na mguu?” Sauti yake haikupanda. “Mguu ulikuwa wa nani? Walisema wauweke, wauchunguze, tukasema haya. Sikupata hata pa kuuzika. Nimewapa mguu, nimewapa sura. Sasa na mimi naomba kitu kimoja.”

Mpiga pasi aliketi upande wa pili wa mbao.

“Baba,” Chiriku aliita kutoka ndani. “Ukilifungua, wataniita mwizi. Na mimi pale ninacheka.”

Fundi makochi aliiweka bisibisi ndani ya boksi la vifaa, akalifunga. Baadaye kidogo akasema, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, kwamba kuna mtu mtaa wa pili ambaye siku nyingi amekuwa akiiulizia ile cherehani.

*

Ukumbi ulikuwa wa shule. Viti vya plastiki vilipangwa kwa safu, na meza ndefu mbele ilijaa makopo ya manjano, sura ya Chiriku ikicheka mara nyingi kwa pamoja. Mpiga pasi alikwepa kuyatazama. Alimkuta dada wa Mfuko mlangoni akigawa maji ya chupa.

“Mama, karibu sana. Umeandaa maneno? Mafupi tu yanatosha. Watu wanataka kukuona.”

“Nataka kuuliza kitu kwanza.” Akamweleza habari ya dawa.

Dada wa Mfuko alisikiliza hadi mwisho bila kumkata. Kisha akamwita daktari mtafiti, mwanamume mfupi mwenye koti lililombana, na wote watatu wakasimama kando ya ngazi.

“Mama, nikikupa hata noti moja kutoka kule,” dada alisema, “nimevunja ahadi ya kila aliyesoma yale maandishi.”

“Nani aliyasoma?”

Dada alimgeukia daktari.

“Dawa anazotumia binti yako,” alisema daktari, “ni zile zile alizotumia mgonjwa kama yeye mimi nikiwa darasa la kwanza. Wenye viwanda hawahangaiki na ugonjwa huu, kwa sababu wagonjwa ni wachache na hawatauza. Serikali ina magonjwa ya watu wengi. Imebaki michango ya namna hii. Kile kipande cha mfupa wa binti yako tunacho, tumekihifadhi kwenye friji maalumu. Umeme ukikatika mjini, pale jenereta inawaka yenyewe.”

Mpiga pasi aliwaza juu ya friji ile. Kwao umeme ulikuwa umekatwa tangu Jumanne.

“Kitamsaidia yeye?”

“Sitakudanganya, mama. Yeye, hapana. Huenda mwingine.”

“Nikisema pale mbele kwamba sijapata kitu, itakuwaje?”

Daktari alimtazama dada, dada akatazama chupa za maji. “Watu watafunga mifuko,” dada alisema. “Nisiseme uongo. Tuliandika ‘msaidie apone’ kwa sababu tulipoandika ‘utafiti’ makopo yalirudi matupu.”

“Kwa hiyo nyinyi pia mnajua.”

“Tunajua, mama.”

Hakukuwa na hasira katika yale mazungumzo. Mpiga pasi aliitafuta ndani yake, hakuiona. Akaingia, akakaa safu ya kwanza, karibu na Mzee Kola, ambaye ukosi wake siku hiyo ulikuwa mweupe kuliko siku zote.

*

Walipomwita, alipigiwa makofi kabla hajasema neno. Alisubiri yaishe.

“Mimi ni mama wa huyu mnayemwona hapa mezani. Nimeambiwa nishukuru. Nashukuru. Sasa naomba mnisikilize, kwa sababu nikikaa sitainuka tena.”

Akayaonyesha makopo kwa mkono.

“Fedha mlizotia humu hazijafika nyumbani kwangu. Hazikuibwa. Hazikupaswa kufika. Ni za hawa wanaotafuta dawa ambayo haijapatikana bado. Imeandikwa pale chini, kwa maandishi madogo. Niliyasoma siku ya kwanza. Mkaja mkanipa pole, nami nikaipenda ile pole, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, si la Mfuko.”

Nyuma, kiti kiliburuzwa.

“Kesho mwanangu anatakiwa kuanza dawa, na sina. Kila ninapobisha hodi naambiwa nina kopo. Sikusimama hapa kuwaomba. Nimesimama ili kesho nikiwaomba, mnikatalie kwa sababu nyingine.”

Mama Mapacha alikuwa safu ya tano, mapacha wake ubavuni. Alisimama bila kuruhusiwa. “Basi sisi tulikuwa tunamsaidia nani? Wanangu walimsaidia nani?”

Daktari aliinuka ili ajibu, lakini mpiga pasi alikuwa ameanza.

“Mtoto ambaye hajaugua bado. Huenda yuko tumboni mwa mtu. Mimi nilipokuwa mdogo, kama watu wangetia kwenye kopo kama hili, huenda mwanangu leo angekuwa na miguu miwili. Hawakutia, labda hawakuulizwa. Kwa hiyo mimi nasema muendelee kutia. Lakini msiseme mmenipa mimi.”

Akashuka. Watu wachache walianza kupiga makofi, wakaona wako peke yao, wakaacha. Makopo yakafunguliwa, na kwa muda mrefu haikusikika sauti nyingine ila ya sarafu zikimwagwa mezani.

“Umenivua nguo mbele za watu,” Mzee Kola alimnong’oneza bila kumgeukia. “Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wateja, mtilieni mtoto. Miezi yote hii. Mimi!”

“Ndiyo, mzee.”

“Ungeniambia.”

“Nilikuambia jana.”

“Ungeniambia mapema!”

Hilo lilikuwa kweli.

Aliporudi nyumbani, Chiriku alikuwa ameegemezwa ukutani, anasubiri.

“Ulisema?”

“Nilisema.”

“Walikucheka?”

“Hawakucheka.”

“Ningekuwepo mimi, ningesema kwa kifupi,” alisema Chiriku, na mama yake akaona meno yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

*

Jumatatu ilipita bila dawa. Asubuhi ya Jumanne Mzee Kola alimwita ofisini, akamsukumia bahasha juu ya meza, akaendelea kupanga vibanio. Ilikuwa ya mwezi mmoja na nusu. “Nitakata kidogo kidogo,” alisema. “Kata, mzee.” Hawakuzungumza zaidi wiki ile. Wateja nao walikuwa wamesikia. Wengi wao sasa walipokea noti zao zikiwa kavu, wakazitia mfukoni, wakauliza nguo zitakuwa tayari lini. Kopo lilibaki kaunta. Wapo waliotia, hao wakiwa wameinama kwanza.

Mama Mapacha alikuja Jumanne hiyo hiyo jioni, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. “Zamu yangu chukua. Na bado nina hasira nawe, usije ukanichekea uani.” Fundi makochi aliiuza cherehani ya ngozi Jumatano, kwa bei ya mtu mwenye haraka, na lile kochi la mteja akalishona kwa mkono, sindano ikimtoboa vidole. Alhamisi, dawa zilipatikana zote.

Chiriku alilazwa kitanda cha mwisho karibu na ukuta. Muuguzi alitafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena. Matone yakaanza kushuka. Mpiga pasi alikaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, hadi daktari wa zamu alipopita.

“Daktari, tulitakiwa kuanza Jumatatu. Hizi siku tulizochelewa zimeharibu nini?”

Daktari alikuwa kijana, na alionekana kama mtu anayetamani kuwa na jibu.

“Sijui, mama.”

“Hujui, au hutaki kuniambia?”

“Sijui. Hakuna anayejua. Wagonjwa wa aina hii ni wachache mno, na hakuna mtu aliyewahi kulipwa akakaa kulichunguza jambo hilo.”

Mpiga pasi aliitikia kwa kichwa. Daktari akaenda kitanda kingine. Chiriku alikuwa amelala mdomo wazi, na mama yake akaendelea kutazama matone, moja likishuka na jingine likijikusanya.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usikae na habari hii peke yako. Mpe jirani aisome, na kama hajui kusoma, msomee. Mwambie kwamba fedha ya utafiti itolewe, maana bila hiyo madaktari wataendelea kuwajibu akina mama kwamba hawajui. Kisha mwambie kwamba kopo na nyumba ya mgonjwa ni milango miwili, na aliyebisha mmoja hajabisha wa pili.